Sauti za Kati

Aliyelelewa na kwaya ya parokia huku Kilombero hahitaji kufundishwa kwateti ya nyuzi. Anahitaji kuisikia tu. Ni fidla mbili, viola moja na selo moja: fidla ya kwanza inachukua sauti ya kwanza, fidla ya pili sauti ya pili, viola ya tatu, selo ya nne. Akishalijua hilo, sikio lake linaendelea na kazi ambayo limeifanya tangu utotoni kwenye mabenchi ya kwaya, yaani kuifuata sauti moja hadi mwisho huku nyingine tatu zikiwa hai pembeni yake. Mimi naimba sauti ya pili. Siku niliyosikia kwateti kwa mara ya kwanza, kwenye simu, hapa Lipangalala, mjini Ifakara, masikio yangu yaliuacha wimbo uliokuwa juu yakaenda moja kwa moja kwa mtu wa fidla ya pili, na nikakaa naye hadi mwisho.

Wengi huuona muziki huu kuwa wa mbali kwa sababu wanatazama vyombo. Vyombo ni vya mbali kweli. Sijaona viola ikiuzwa Ifakara. Ila mpangilio wa sauti nne umekuwa wetu kwa vizazi kadhaa sasa. Ulikuja na wamisionari, ukaja na nota za herufi ambazo Mwingereza John Curwen alizieneza katika karne ya 19 kutokana na kazi ya mwalimu wa kike aitwaye Sarah Glover, na kila mwanakwaya anazijua: do, re, mi, fa, so, la, ti. Mwalimu wa kwaya anaziandika ubaoni mistari minne, mmoja juu ya mwingine, na siku hizi anazipiga picha na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuisoma sauti yake pale bila kinanda, bila gitaa, bila chochote zaidi ya koo lake. Elimu hiyo ni kubwa kuliko tunavyoithamini. Ziko nchi tajiri ambako mtu mzima mwenye shahada hajawahi kuimba sauti ya kati hata siku moja.

Na chanzo cha kwateti yenyewe kiko karibu na parokia kuliko ukumbi. Katika miaka ya 1750, huko Austria, bwana mmoja aitwaye Fürnberg alipenda kusikia muziki nyumbani kwake kijijini Weinzierl. Watu aliokuwa nao walikuwa wanne: paroko wake, msimamizi wa mashamba yake, mpiga selo wa ukoo wa Albrechtsberger, na kijana aliyekuwa bado hana jina, Joseph Haydn. Haydn akatunga kwa ajili ya hao waliokuwepo. Hivyo ndivyo alivyomsimulia mwandishi wa maisha yake alipokuwa mzee. Wangekuwa watano, huenda tungekuwa na historia nyingine. Naipenda habari hii kwa sababu ya yule paroko na yule msimamizi wa mashamba, watu wenye kazi zao za mchana, wanaokaa jioni na kuwekeana karatasi mezani. Orodha za leo zinamhesabia Haydn kwateti 68, na nyingi alizitunga akiwa mtumishi wa ukoo wa Esterházy, ambao mmoja wa wakuu wake alijenga jumba lake katika eneo la vinamasi huko Hungaria, mbali na mji. Mtu wa bonde la mpunga kama Kilombero anaweza kumwelewa Haydn katika hilo: maji, mbu, safari ndefu hadi mjini, na muda mwingi wa kuisikiliza kazi yako mwenyewe.

Muziki huu basi ulikuwa wa sebuleni kabla ya kuwa wa jukwaani, na aliyenufaika kwanza alikuwa mpigaji. Msikilizaji alikuwa mgeni aliyekaribishwa. Anayekwenda mazoezi ya kwaya jioni ya Alhamisi analijua hili bila kuambiwa. Jumapili ni ya waumini. Alhamisi ni yetu. Ndipo kila sauti inapojifunza peke yake, bezi wakiwa nyuma ya kanisa, soprano mlangoni, sisi wa sauti ya pili chini ya mwembe, na ndipo mwalimu anapoita, "Haya, tuunganishe." Dakika ile ya kuunganisha, kabla hata wimbo haujakaa sawa, ina ladha ambayo Jumapili haina.

Mwaka 1829 mshairi Goethe alimwandikia rafiki yake Zelter barua akisema kwateti ni sawa na kuwasikia watu wanne wenye busara wakizungumza. Mfano huo umerudiwa mno, na mimi siukubali. Katika mazungumzo ya watu wenye adabu mmoja akisema wengine husubiri. Katika kwateti hakuna anayesubiri. Wote wanne wanasema kwa wakati mmoja, kila mmoja jambo lake, na badala ya kuzibana, kila sauti inaifanya nyingine isikike zaidi. Hakuna baraza duniani linaloweza kufanya hivyo. Watu wanne wakisema pamoja kwa maneno ni fujo. Wakisema pamoja kwa sauti zilizopangwa ni kitu ambacho binadamu hana namna nyingine ya kukipata. Kwa hiyo sioni kwa nini tuushushe muziki hadi kwenye mazungumzo ili tuusifu.

Nitasema sasa kuhusu sauti za kati, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Chukua do, mi na so, ziimbwe pamoja. Sasa iondoe mi. Do na so zinabaki zimesimama imara, lakini huwezi kujua kama wimbo unafurahi au unaomboleza. Irudishe mi, furaha inarudi. Ishushe mi kidogo hadi iwe ma, msiba umeingia nyumbani. Noti hiyo moja, inayoamua hali ya moyo ya wimbo mzima, mara nyingi iko mikononi mwa sauti ya pili au ya tatu. Soprano ana wimbo ambao watu wataondoka nao wakiupiga mluzi. Bezi ana msingi, na watu wanauhisi kifuani. Sauti za kati hazina kimoja wala kingine, hazikumbukwi na mtu akirudi nyumbani, na ndizo zinazosema kama leo tunacheka au tunalia.

Watunzi wakubwa walilijua hili kwa vidole vyao. Johann Sebastian Bach, kwa mujibu wa mwanawe Carl Philipp Emanuel, alipenda kupiga viola katika kundi, akiwa katikati ya sauti zote. Mozart naye. Mwimbaji Michael Kelly alisimulia jioni moja ya Vienna mwaka 1784 ambapo waliokaa kupiga kwateti walikuwa Haydn kwenye fidla ya kwanza, Dittersdorf kwenye ya pili, Mozart kwenye viola na Vanhal kwenye selo. Wote wanne watunzi. Mozart, aliyeweza kuketi popote alipotaka, akachagua sauti ya tatu. Mwaka uliofuata alichapisha kwateti 6 akazitoa kwa Haydn, na katika barua ya kumkabidhi akaziita watoto wake, matunda ya kazi ndefu na ngumu. Ukizisikiliza, usikae na fidla ya kwanza tu. Fuata viola. Utaona mtu aliyeijaza nyumba yake vitu vizuri hata kwenye vyumba ambavyo wageni hawaingii.

Nasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu sauti za kati zinafifia kwetu. Kinanda cha umeme kimekuja na mapigo yake ya ngoma yaliyokwisha kutengenezwa, spika zimekuwa kubwa, na maikrofoni zinawekwa mbele ya soprano na mbele ya yule kijana anayeimba beti peke yake. Mpiga kinanda anazijaza sauti zote nne kwa vidole kumi, kwa hiyo hata sisi tukinyamaza hakuna atakayegundua. Nyimbo mpya nyingine zinatungwa hivyo hivyo: soprano anapewa kila kitu, wengine wanapewa kuitikia. Sisemi kinanda kitupwe. Kinanda kimesaidia kwaya nyingi kushika funguo, na kwenye kanisa lililojaa watu mia kadhaa kina kazi yake. Nasema kwamba mwanakwaya wa sauti ya pili asiyesikika kwa miaka mitatu ataacha kujisikiliza, na akiacha kujisikiliza hatakuwa tena na sikio lile nililolisema mwanzo.

Mahali ambapo sikio hilo bado lina kazi kamili ni kwenye jumuiya ndogondogo. Tunakutana nyumba kwa nyumba, na kwaya nzima haiji. Wanakuja wanaoishi mitaa ile. Juzijuzi tulikwenda kusali kwa mzee mmoja aliyekuwa ameruhusiwa kutoka hospitali. Wanakwaya tuliofika tulikuwa wanne, na kwa bahati kila mmoja sauti yake: binti wa sekondari, mimi, fundi wa baiskeli, na mwalimu mstaafu mwenye bezi la chini kabisa. Hapakuwa na kinanda wala mtu wa kutupungia mkono. Mzee alikuwa kwenye kiti cha kamba, shuka begani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu. Imbeni. Lakini imbeni polepole, mwili haujarudi bado."

Tukaimba wimbo wa shukrani polepole kuliko tulivyowahi kuuimba. Kwa mwendo ule huna pa kujificha. Kwenye kundi la watu 40 sauti ya pili ina watu kumi, mmoja akivuta pumzi tisa wanaendelea. Pale nikivuta pumzi, sauti ya pili imekatika. Ilibidi nimtazame fundi wa baiskeli ili tupishane pumzi, yeye akimtazama bezi, binti akitusikiliza sote. Hiyo ndiyo kwateti. Vyombo vilikuwa makoo, lakini kila kilichoifanya kwateti iwe kwateti kilikuwepo: mtu mmoja kwa kila sauti, hakuna kiongozi, chumba kidogo, na msikilizaji aliyeketi karibu kiasi cha kuguswa.

Nilikuwa tayari nimesikia, wakati huo, kazi ya mtunzi Beethoven ambayo siku ile iliifanya ieleweke kwangu kwa namna mpya.

Lakini kabla ya kuisema kazi hiyo, niseme kuhusu mji wetu. Ifakara ni mji wa wagonjwa na waliopona. Sisemi hivyo kwa kuudharau. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko imewapokea watu wa Kilombero, Ulanga na Malinyi kwa miongo mingi, hata enzi ambazo mtu wa ng'ambo ya mto alitegemea kivuko kabla daraja la Kilombero halijajengwa. Katika miaka ya 1950 Waswisi waliweka hapa maabara ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, ambayo ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa vyandarua vilivyotiwa dawa ulifanyika katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la The Lancet yalihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Nyuma ya asilimia hiyo kuna mama zetu. Kuna sadaka za shukrani, kuku mikononi na kilo za mchele kwenye vikapu, zilizopelekwa altareni na watu ambao padre alitangaza tu kwamba wanamshukuru Mungu kwa kupona. Kwaya huimba wakati huo. Tumeimba mara nyingi sana wakati huo.

Basi, Aprili 1825, huko Vienna, Beethoven alikuwa na miaka 54 na tumbo lilikuwa likimuua. Daktari wake, Braunhofer, alimkataza mvinyo, kahawa na viungo. Mwezi Mei akahamia Baden, nje ya mji, kutafuta hewa. Alikuwa katikati ya kutunga kwateti kwa ajili ya Nikolai Galitzin, mwana wa ukoo wa kikabaila wa Urusi aliyekuwa mpiga selo na aliyekuwa amemwagiza kwateti moja, mbili au tatu, zozote atakazoweza. Alipopata nafuu aliandika sehemu ya tatu, katikati ya kazi ile, akaipa kichwa kirefu cha habari: wimbo mtakatifu wa shukrani kwa Mungu, wa mgonjwa aliyepona, katika mtindo wa Lidia. Sehemu hiyo peke yake ni kama robo saa au zaidi. Kazi nzima inajulikana kwa namba yake, opus 132, na ilipigwa hadharani tarehe 6 Novemba mwaka ule ule na kundi la Ignaz Schuppanzigh.

Mtindo wa Lidia unawatisha watu kwenye vitabu, lakini mwanakwaya wa nota za herufi anaweza kuupata kwa nusu dakika. Imba ngazi ya kawaida, do hadi do. Sasa usibadilishe noti hata moja, ila anzia fa na umalizie fa: fa, so, la, ti, do, re, mi, fa. Umefika. Ni ngazi ile ile, nyumba imehama. Na hapo ndipo ufundi wa Beethoven ulipo, maana sikio letu limezoea kwamba nyumba ni do. Kila mstari ukisogea, sikio linavutwa kwenda do, linataka kukaa pale, na Beethoven anaurudisha wimbo kwenye fa. Unatua, lakini hutui kabisa. Unapumzika ukiwa bado una wasiwasi kwamba hapa si kwenu. Mgonjwa aliyetoka kitandani anasimama hivyo hivyo, miguu ikiwa yake na si yake.

Wimbo wenyewe una mistari mitano, kila mmoja ukitanguliwa na sauti zikiingia moja moja, moja ikiisha kusema inayofuata inalichukua neno lile lile. Kisha zote nne zinasimama pamoja kwenye noti ndefu, tupu, bila pambo. Mwendo ni polepole sana. Halafu ghafla mambo yanabadilika: mapigo matatu matatu, noti zinarukaruka, fidla ya kwanza inatetemeka kwa shangwe, na juu ya karatasi Beethoven ameandika kwamba mtu anahisi nguvu mpya. Mtunzi wa kawaida angeishia hapo. Amepona, tucheze. Beethoven anarudi kwenye wimbo wa mgonjwa. Sasa sauti za chini hazisimami tena, zinatembea chini ya ule wimbo. Nguvu inarudi mara ya pili. Na wimbo wa mgonjwa unarudi mara ya tatu, safari hii karibu mstari wa kwanza peke yake, ukipita kutoka sauti moja hadi nyingine hadi sauti zote nne zimeubeba, na maelekezo ni kwamba upigwe kwa hisia za ndani kabisa.

Huo ndio ukweli wa kupona, na sijausikia ukisemwa kwa usahihi huo mahali pengine. Waliougua malaria kali wanajua: leo umeamka, umefika mlangoni, umekula uji ukaumaliza, majirani wamefurahi, kesho mwili umerudi kitandani, na furaha ya jana unaikumbuka kwa mbali. Kisha unaamka tena. Nyimbo zetu nyingi za shukrani zinaruka hatua hizi. Zinaanza na vigelegele na kumaliza na vigelegele, kana kwamba aliyekuwa ICU wiki iliyopita ana mapafu ya kuruka nao. Napenda vigelegele. Lakini mzee yule wa kiti cha kamba aliomba polepole, na orodha yetu ya nyimbo ilikuwa na wimbo mmoja tu uliokubali kwenda mwendo ule bila kusambaratika.

Beethoven hakuweza kuusikia wimbo wake. Uziwi ulikuwa umemkamata miaka mingi na watu walizungumza naye kwa kumwandikia kwenye madaftari. Nguvu mpya nayo haikudumu. Alifariki tarehe 26 Machi 1827, hajafikisha miaka miwili tangu ugonjwa ule. Shukrani yake ilikuwa ya muda aliopewa, mfupi, na ndani ya muda huo aliandika kwateti nyingine, zikiwemo zile mbili za mwisho.

Kuhusu vyombo: hata mtu akituletea leo fidla mbili, viola na selo, bonde hili litavipa taabu. Fidla imeunganishwa kwa gundi ya wanyama ambayo hulegea kwenye joto na unyevu, na nywele za farasi kwenye upinde hunyonya unyevu zikanyong'onyea. Masika ya Kilombero si rafiki wa mbao nyembamba. Zanzibar wameishi na fidla kwa zaidi ya karne moja hata hivyo, ndani ya hewa ya chumvi, na taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, haiwezi kufikirika bila fidla. Ila pale fidla husafiri pamoja kwenye wimbo mmoja, kila mpigaji akiupamba kwa namna yake. Ni uzuri wa aina nyingine. Nairobi, katika mtaa wa Korogocho, mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukiwafundisha watoto vyombo vya okestra tangu mwaka 2008, kwa hiyo hoja ya kwamba vyombo hivi havitui mikononi mwa mtoto wa mtaa wa kawaida imekwisha jibiwa.

Jibu kubwa zaidi alilitoa Mganda, Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951 na kufundisha muziki Makerere. Mwaka 1988 alitunga kwateti ya nyuzi akaipa jina la Kiganda, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani katika njia ya msalaba, ibada ambayo kila Mkatoliki wa Afrika Mashariki anaijua kwa magoti yake siku za Ijumaa za Kwaresima. Kundi la Kronos la San Francisco lilirekodi sehemu yake ya kwanza katika albamu ya Pieces of Africa iliyotoka mwaka 1992. Sikiliza kinachotokea humo ndani. Tamusuza hakuziomba nyuzi ziimbe kwa Kijerumani. Amezipigisha kwa akili ya muziki wa Buganda, ambako kwenye amadinda wapigaji wawili wanakaa wakitazamana kwenye marimba moja, wa pili akipiga kwenye nafasi alizoacha wa kwanza, na wimbo unazaliwa kati yao bila mmoja wao kuupiga mzima. Wanawake wetu wanaotwanga mpunga kwa michi miwili kwenye kinu kimoja wanaijua hesabu hiyo: mchi wako ushuke pale wa mwenzako unapopanda, vinginevyo mtavunjana mikono. Ndani ya kwateti ya Tamusuza hakuna sauti iliyo ya kati kwa maana ya kuwa nyuma. Kila moja ni nafasi ya mwenzake.

Naiona kazi hiyo kuwa ndugu wa hoja ambayo Padre Stephen Mbunga aliiweka kitabuni mwaka 1963, katika Church Law and Bantu Music, kwamba sheria ya Kanisa yenyewe ina nafasi kwa muziki wa Kibantu. Mbunga aliandika Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiwa bado unaendelea. Watunzi wetu wa nyimbo za Kiswahili walikuja kuingia kwa wingi katika mlango huo, na sauti nne wakaziacha zibaki. Lipangalala leo hakuna anayeziona kuwa ugeni.

Hivyo nimeamua kutosubiri vyombo. Nimeuandika mstari wa kwanza wa ule wimbo wa mgonjwa kwa nota za herufi, sauti nne, nikaushusha kidogo ili binti asilazimike kupanda alikopanda mpiga fidla, na nikawapelekea wale wale watatu. Hauna maneno, na sitaki kuupachika maneno kwa haraka. Tunauimba kwa "o" tu. Kazi imekuja kwenye uandishi wenyewe. Mimi niliandika ngazi ya kawaida, nyumba ikiwa fa. Mwalimu mstaafu, ambaye bezi lake ndilo linalomalizia kwenye noti hiyo, anasema hawezi kutua kwenye fa, kwa sababu maisha yake yote hajawahi kutua hapo, na kwamba niandike upya fa iwe do, kisha ile ti iandikwe fe. Fundi wa baiskeli anakubaliana naye, kwa sababu fe anaijua kutoka kwenye nyimbo nyingine na hatakosea. Mimi nakataa. Tukiifanya fa kuwa do, tutatua vizuri mno, na ule wasiwasi wa miguu utaondoka. Binti yeye anasema tuimbe tu, karatasi zitafuata. Alhamisi ijayo tutaujaribu kwa karatasi zote mbili, bezi na tenori wakisoma yao, sisi wawili tukisoma yetu.